Unahamia Lubumbashi kikazi? Usidanganywe na Kiswahili

Mwana_Mbeya ameandika:

Wakuu, salaam.

Kila mara napata ujumbe wa faragha wa aina moja: "Kaka, nimepata mchongo Lubumbashi, huko kukoje?" Nimeona niandike mara moja, mwenye swali asome hapa na wenyeji wanisahihishe nitakapokwenda kombo. Mimi ni mtu wa Mbeya, nafanya kazi za usafirishaji na forodha hapa L'shi (Lubumbashi kwa kifupi), mji wa migodi wa Kongo, mizigo inayotoka Bandari ya Dar kwenda migodini na shaba inayoshuka baharini. Nakaa Bel-Air, kwa hiyo haya ni ya mtu wa kawaida. Wanaolala Golf, mtaa wa wenye nazo, wataandika wao.

Kinachotuangusha Watanzania wengi (na Wakenya, msicheke) ni hiki. Ukishuka uwanja wa ndege wa Luano au ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, unasikia Kiswahili kila kona. Askari anakisema, mama muuza sombe (kisamvu) anakisema, mhubiri wa kwenye basi anakisema. Unajisemea nimefika nyumbani, unalegea. Jumatatu unaingia ofisini: kikao Kifaransa, barua Kifaransa, mkataba Kifaransa, na yule uliyetaniana naye jana kwa Kiswahili leo anakuita Monsieur. Mtu aliyehamia Guangzhou anajua yuko ugenini, anauliza kila kitu. Aliyehamia Lubumbashi haulizi, maana anadhani anajua.

Kwa hiyo kama una miezi mitatu kabla ya kuja, yote ipeleke kwenye Kifaransa. Si cha ushairi. Kifaransa cha kusoma hati ya malipo, cha kuandika barua ya kuomba ruhusa, cha kumjibu mtu wa DGM (idara ya uhamiaji) anapouliza unafanya nini nchini mwao. Saa nazo ofisini husemwa Kifaransa na kwa mtindo wa saa 24. Ukiambiwa 14h00, ni mchana baada ya chakula. Na rudisha saa yako nyuma saa moja, huku wako nyuma ya Dodoma. Na hao bado wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kwa hiyo ukiwapigia makao makuu saa mbili asubuhi ya hapa, kule ndiyo kwanza saa moja.

Salamu. Asubuhi ukifika kazini unapita meza kwa meza, unampa mkono kila mtu, hata mkiwa ishirini. Kupunga mkono mlangoni na kwenda kukaa kunasomeka kama kiburi, na watu hawatakuambia, watakunyamazia tu. Wanaume waliozoeana wanagusanisha vipaji vya nyuso, kushoto, kulia, kushoto. Usianzishe wewe, subiri uanzishiwe. "Shikamoo" yako utabaki nayo, wengi hawaitumii. Heshima huku imebebwa na cheo: Papa, Mama, Chef, Ingénieur, Maître, Docteur. Mtu akiwa na cheo usimwite jina tupu mbele ya watu, hata mwende bia pamoja Ijumaa.

Fedha. Bei nyingi zinatajwa kwa dola na unaweza kulipa kwa faranga. Wabadilishaji wamekaa barabarani na mafungu ya noti mezani, mchana kweupe, na hiyo ni kazi ya kila siku. Ila dola yako iwe safi. Noti yenye mchaniko wa ukucha, au iliyoandikwa kwa kalamu, itarudishwa na muuza nyanya kabla hata hajaishika vizuri. Watu wanaotoka nyumbani na dola walizozikunja kwenye soksi, poleni mapema. M-Pesa ipo, Airtel na Orange pia, na unaweza kuwa na akiba ya dola na ya faranga kwenye laini moja.

Barabara. Huku ni kulia. Magari mengi yametoka Japani na usukani uko kulia vilevile, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori lazima atoe nusu ya gari ndipo aone. Wiki za kwanza usiendeshe usiku.

Sasa jambo ambalo watu hawaliulizi, na ndilo nalopenda kulisema zaidi. Mji huu umejengwa na watu waliohamia kikazi. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ikakusanya vibarua kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kiswahili kikawa cha wote kambini, ndiyo maana kimeota mizizi zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Jina la Lubumbashi lilikuja 1966, na mwaka uliofuata mali za Union Minière zikaingia kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Kila familia unayokutana nayo ina babu aliyeshuka kwenye treni. Kwa hiyo wanajua kupokea wageni, na wanajua vilevile mgeni anavyoweza kugeuziwa kibao. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa huu wa migodi, kwa makundi makubwa, familia zilizozaliwa hapahapa zikalala stesheni zikisubiri treni. Wazee wa ofisini kwako wanayakumbuka. Utani wa makabila tuliouzoea sisi, Mnyakyusa na Mngoni sijui nini, uache Tunduma. Hapa hauchekeshi.

Nyumba. Utampitia dalali, wanamwita komisyonera, naye anachukua chake. Mwenye nyumba ataomba garanti, yaani amana. Sheria ya upangaji ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, wenyewe wataomba zaidi, wewe zungumza. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: maji yanatoka saa ngapi na umeme wa SNEL unakatika zamu gani. Uliza jirani, mwenye nyumba atakujibu anavyojua yeye.

Na njooni na sweta. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Juni na Julai usiku ni baridi ya Mbeya kabisa. Watu wa Dar wanakuja na fulana wanaishia kununua makoti ya mitumba kwa bei ya kilio.

Ulizeni.

---

Tumaini_Dsm ameandika:

Asante sana kaka. Mimi ni mhasibu, kuna kampuni inayohudumia migodi imenipa ofa, kwenye karatasi wameandika "Lubumbashi". Nina mume na watoto wawili, mmoja darasa la tano. Wanasema nije peke yangu kwanza, mkataba wa miaka miwili, familia tutaona baadaye. Kongo si iko Afrika Mashariki siku hizi? Bado nahitaji kibali?

---

Mwana_Mbeya ameandika:

Dada Tumaini, Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, kweli. Lakini bado mgeni anahitaji kadi ya kazi ya mgeni, na viza ya kuishi inayotolewa na DGM. Vyote viwili vinaombwa na mwajiri. Akikwambia "njoo na viza ya matembezi, tutarekebisha ukifika", mwambie unasubiri Dar. Atakayekamatwa ni wewe. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, wanaiangalia mpakani.

Kuhusu huo mkataba, hapo simama kidogo. Kanuni ya Kazi ya huku ni Sheria namba 015/2002, ya Oktoba 2002. Mkataba wa muda maalumu hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Ila kwa mtu mwenye ndoa ambaye ametenganishwa na familia yake kwa ajili ya kazi, ukomo ni mwaka mmoja tu. Mimi naiona ni sheria yenye utu, mtunzi alijua ndoa hailindwi kwa simu. Kwa hiyo wakikuandikia miaka miwili halafu familia ibaki Dar, tayari wamekwenda kinyume. Waambie wachague, waandike mwaka mmoja au waandike familia inakuja lini na nani analipa nauli.

Mengine ya kutafuta kwenye mkataba: nauli ya kuja na ya kurudi mkataba ukiisha, nyumba au posho ya nyumba kwa kuwa umeajiriwa kutoka mbali, na matibabu. Matibabu ya mfanyakazi na familia yake ni mzigo wa mwajiri kwa sheria, si hisani. Muda wa majaribio kwa kada yako hauzidi miezi sita, na uwe umeandikwa. Kwenye mshahara utakatwa kodi ya mapato na asilimia 5 ya CNSS (hifadhi ya jamii), mwajiri anaongeza asilimia 13 ya kwake. Uliza kama kiasi walichokutajia ni kabla au baada ya makato. Swali hilo peke yake limewaliza watu wengi.

Halafu la mwisho, na usilione dogo. Uliza kituo cha kazi ni Lubumbashi kweli? Kampuni nyingi zina ofisi hapa, kazi ziko Likasi, Fungurume, Kolwezi. Kolwezi ni kilomita 300 hivi. Omba waandike jina la mahali.

---

Mutoto_wa_Katuba ameandika:

Bonjour ba ndugu. Miye niko mutoto wa Katuba, na leo minaandika Kiswahili ya kitabu ili bote musikie.

Kaka wa Mbeya amesema vizuri, lakini amepita haraka kwenye tumbo. Huku ugali ni bukari. Mahindi mengi yanatoka Zambia, na Zambia wakifunga kuuza nje, bei ya gunia inapanda hapa ndani ya siku chache na mji mzima unanuna. Mboga ni sombe, matembele, na wakati wa mvua uyoga wa porini unauzwa barabarani kwa beseni. Kuna vinkubala, viwavi vilivyokaushwa. Mgeni akikaribishwa hivyo amekaribishwa kweli, asikunje uso, achukue kimoja na bukari kubwa. Jioni ni michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na bia ya Simba baridi. Asiyekunywa pombe aseme mapema "sinywi", hakuna atakayemlazimisha. Anayeacha glasi imejaa mbele yake ndiye anayesumbua watu.

Na kilio. Mwenzako wa kazi akifiwa, daftari la mchango linapita siku hiyohiyo. Toa hata kidogo, na uende. Kwenda ni zaidi ya kutoa. Utakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, huna la kusema, hakuna anayetaka useme. Nimeona wageni wenye vyeti vikubwa wametengwa kazini kwa sababu tu hawakuonekana kwenye vilio viwili vya mfululizo.

Nitaongeza lingine. Mnaongea kama anayezoea ni mgeni peke yake. Mimi sijahama, nimezaliwa hapa, lakini nafanya kazi mgodi wa Wachina na kila asubuhi navuka mpaka bila pasipoti. Baba yangu alikuwa Gécamines: shule ya watoto ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga wa kampuni. Sisi tunapewa dola mwisho wa mwezi na kila mtu ajitegemee. Msimamizi wangu hasalimii kwa mkono, na mwanzo tulimchukia kwa hilo. Baadaye mkalimani akatueleza kwao mtu aliyeshika kazi hakatizwi. Sasa tunamsalimia saa ya chai, anacheka, anashika mikono yote. Lakini ilitakiwa mtu wa katikati aseme. Dada Tumaini, mahali pa kazi tafuta huyo mtu wa katikati wiki ya kwanza. Mara nyingi ni sekretari, au dereva wa siku nyingi. Bosi hawezi kuwa.

---

Turubai_la_Bluu ameandika:

Mimi dereva, Dar mpaka Kolwezi. Sihamii, napita tu, ila niseme la Kasumbalesa. Foleni ya malori inaweza kufika kilomita nyingi, mtu analala chini ya tela. Mkija na mizigo ya nyumba msiipakie kwenye lori la rafiki "itafika tu". Kila godoro linahitaji karatasi. Mpate deklara (wakala wa forodha) mwenye ofisi, si yule anayekimbilia dirishani. Na kuanzia mpakani mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 90, mtu asikuambie ni mbali akakutoza nauli ya kitalii.

Plagi zenu za pini tatu bapa nazo hazitaingia ukutani. Nunueni za kugeuzia kabla hamjatoka.

---

Wa_Kadutu ameandika:

Nimesoma yote. Ni mazuri, lakini naomba niseme kama mtu wa Bukavu.

Mnaongea kana kwamba kila anayehamia Lubumbashi ana ofa mkononi na mwajiri wa kumwandikia viza. Wengi wetu tulifika mwaka 2025, baada ya Goma kuchukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifunga. Mtu mwenye mshahara kwenye akaunti hakuwa na la kula. Wengine walipita Bujumbura, wengine walipanda boti Uvira mpaka Kalemie, na kutoka hapo wakatafuta njia ya kushuka Katanga. Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia, sasa napima sampuli za madini kwenye maabara ya watu.

Niko nchini kwangu, nina kadi ya mpiga kura, sihitaji DGM. Na bado ni mgeni. Nikifungua mdomo sokoni muuzaji anajua natoka mashariki, na swali linalofuata ni "ulikuja na nani?" Kwa mwenye nyumba swali hilo lina maana kubwa: anataka mtu wa hapa atakayekudhamini. Mwana_Mbeya, wewe nyuma yako kuna kampuni, kwa hiyo kwako mambo ya garanti ni mazungumzo tu. Sisi tulilala kwa wajomba wa wajomba.

Kilichonisaidia nikisema ukweli ni kanisa na likelemba (upatu). Parokiani nilijulikana kwa sura ndani ya mwezi, na mama mmoja wa kwaya ndiye aliyenipeleka maabara. Likelemba ya watu wa Kivu walio hapa ilinipa zamu ya mapema kwa sababu walijua ninaanza na sifuri. Hakuna mkataba ulioandika hayo. Kwa hiyo wanaokuja bila ofa nawaambia wasianze kwa kupeleka barua migodini, waanze kwa kujulikana na watu wanaokaa nao mtaa mmoja.

Na mazoea ya huku yananishinda bado. Bukavu tunaona ziwa kila tukitoka nje, tunapanda na kushuka vilima. Hapa ni tambarare, vumbi jekundu, na ukiangalia mbali unaona lundo la masalia ya shaba na bomba la moshi la Gécamines. Watu wanalipenda hilo bomba. Mimi sijaweza.

---

Mwana_Mbeya ameandika:

Ndugu yangu wa Kadutu, pole na asante. Uko sawa, niliandika kwa jicho la mwenye mwajiri. Hilo la mtu wa kukudhamini kwa mwenye nyumba ni kweli hata kwa sisi: kampuni ilinisainia, ndiyo maana sikuulizwa. Wasiokuwa nayo wasome ujumbe wako kabla ya wangu.

---

Mpira_Kwanza ameandika:

Hakuna aliyetaja TP Mazembe, uzi mzima? Samatta alikaa hapo kuanzia 2011, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, wazee wa Kamalondo bado wanamtaja. Mtanzania akikwama kwenye mazungumzo ataje jina hilo, milango inafunguka.

---

Mutoto_wa_Katuba ameandika:

@Mpira_Kwanza kweli kabisa. Lakini usije ukasema hayo mbele ya shabiki wa Lupopo, utalala nje 😂

---

Tumaini_Dsm ameandika:

Nimecheka na nimelia humuhumu. Wa_Kadutu pole sana kaka.

Swali la watoto: huyu wa darasa la tano amesoma Kiswahili na Kiingereza tu. Akija Januari atapokelewa?

---

Mutoto_wa_Katuba ameandika:

Yaya (huku ni dada), usimlete Januari. Mwaka wa shule huku unaanza Septemba, unaisha mwanzoni mwa Julai. Akija Januari anaingia katikati, masomo yote Kifaransa, na darasa la sita lina mtihani wa kitaifa. Atarudishwa nyuma darasa moja au mbili na atajiona mjinga wakati si mjinga. Bora amalize muhula wenu wa kwanza, afike Juni, akae na watoto wa mtaani likizo nzima. Watoto wakiwa mpirani watampa Kifaransa kingi kuliko mwalimu wa kulipwa. Septemba aanze, na ukubali arudie darasa. Shule za msingi za serikali hazina ada tangu 2019 lakini madarasa yamefurika, kwa hiyo uliza za masista na mapadri, na uulize mapema. Nafasi zinaisha kabla ya Agosti.

---

Wa_Kadutu ameandika:

Naunga mkono, kama mwalimu. Na mwache aendelee kusoma vitabu vyake vya Kiswahili nyumbani. Mtoto anayesoma vizuri lugha moja hashindwi ya pili.

---

Tumaini_Dsm ameandika:

Nimewaandikia jana, nimeuliza mambo matatu: mwaka mmoja au miwili, mshahara kabla au baada ya makato, na kituo cha kazi kiko wapi hasa.

Wamejibu leo asubuhi. Mwaka mmoja sawa. Mshahara ni kabla ya makato. Kituo ni Fungurume, ofisi ya Lubumbashi ni ya "mapokezi tu".

---

Mwana_Mbeya ameandika:

Umeona sasa. Fungurume ni maisha ya kambi, habari ya nyumba na shule inabadilika yote. Waulize zamu ni wiki ngapi ndani na siku ngapi nje, nauli ya kwenda mapumziko nani analipa, na kama mapumziko hayo unaruhusiwa kuyafanyia Dar au yanahesabiwa mpaka Lubumbashi tu. Waandike kwenye mkataba, barua pepe haitoshi. Wakigoma kuandika ratiba ya zamu, rudi hapa utuambie kabla hujasaini.

---

Turubai_la_Bluu ameandika:

Fungurume nalala kila safari. Dada ukikubali niambie, nitakubebea unga wa sembe. Karatasi zake utatengeneza mwenyewe.